Uungwana wa HB

Machi 4

Siku nzima na picha za HB, mchora vibonzo vya siasa wa London. Ukitoka kwa Gillray, mchora vibonzo aliyemtangulia, ukaja kwake, ni kama umetoka kilabuni ukaingia kwenye chai ya mapadri. Mwaka 1792 Gillray alimchora Mwana wa Mfalme, yule wa Wales, tumbo limemfura, anachokonoa meno kwa uma. HB hafiki huko. Mwanasiasa Wellington kwake ana pua yake mwenyewe, na mwenzake Brougham vilevile. Kichekesho kinatokana na mahali alipowaweka na shughuli aliyowapa. Maumbile yao hayaguswi.

Machi 6, usiku

Nadhani jiwe alilochorea nalo limechangia upole huo. Bamba la shaba, kama la Gillray, huliwa na asidi, na mstari wake hutoka mkali. John Doyle (ndilo jina lake HB) alichora juu ya jiwe la chokaa kwa kalamu yenye mafuta. Jiwe hupakwa gundi yenye tindikali kidogo, hulowanishwa, kisha hupitishiwa rola la wino: penye maji wino hukataa, penye mafuta hushika. Senefelder aliigundua njia hiyo Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790. Matokeo yake ni kijivu laini, kinachomfaa mtu aliyetoka Dublin kwenda London akitaka kuishi kwa kuchora sura za watu.

Machi 7

Picha ya 1831: Mfalme William IV mbele ya ukuta ulioandikwa habari za Muswada wa Mageuzi ya uchaguzi wa Bunge. Kila aliyesoma kitabu cha Danieli anajua maandishi ya ukutani humpata mfalme gani: yule ambaye siku zake zimehesabiwa. Tusi zito, na hakuna hata mkunjo mmoja wa uso uliotiwa chumvi.

Machi 11

Kati ya 1829 na 1851 zilitoka picha 917 za HB, mchapishaji akiwa Thomas McLean wa Haymarket. Herufi J na D, jozi moja juu ya nyingine, zilifanya HB, na London ikabaki kubahatisha ni nani. Mwaka 1843 ndipo alipojitambulisha, kwa barua aliyomwandikia mwanasiasa Peel, ambaye naye alikuwa amechorwa humo mara nyingi! Mchoraji wa matumbo asingethubutu.

Ila upole huo una bei. Asiyejua nani alimchukia nani katika Bunge lile ataona mabwana waliovaa vizuri, basi. Tumbo la Gillray halihitaji maelezo.

Machi 12

Mwanawe Richard aliingia Punch, gazeti la vichekesho lililochonga picha kwenye mbao ili zichapwe pamoja na maneno. Karatasi moja moja za dukani, kama za baba yake, zingeshindana vipi na hilo? Jalada alilolichora 1849 lilidumu zaidi ya miaka 100. Yeye mwenyewe hakudumu: mwaka 1850 Punch lilipomwandama Papa, Richard, Mkatoliki kama baba yake, aliacha kazi. Jalada wakabaki nalo.