Alipigana na nani huyo Larry Holmes?

Wadau, leo siasa zipumzike kidogo. Wiki nzima hii chumba chetu cha habari kimekuwa na ugomvi, na ugomvi wenyewe hauhusu posho wala stori ya mtu iliyotupwa kapuni. Unamhusu mtu aliyepanda ulingoni kwa mara ya mwisho mwaka 2002, huko Marekani, ambaye kwa vijana wengi wa rika langu jina lake halisemi kitu. Larry Holmes.

Mambo yalianza hivi. Nilipewa kazi ya kuandaa orodha ya mabondia kumi bora wa uzito wa juu wa nyakati zote kwa ajili ya ukurasa wa michezo wa Jumapili. Nikamweka Holmes namba nne. Msahihishaji wetu, mzee aliyeanza kusoma prufu kabla mimi sijazaliwa, akaipitia karatasi, akachukua kalamu nyekundu na kulikata lile jina mstari mmoja, kama mtu anayefuta koma iliyozidi. Nikamfuata mezani kwake. Shikamoo mzee, mbona umenikatia mtu wangu? Akaitikia marahaba bila kuinua macho. "Alipigana na nani huyo, mwanangu?"

Basi. Ndiyo hoja yake yote. Jumapili orodha ikatoka bila Holmes, wenye ukurasa wao wakaniambia nafasi ilikuwa finyu. Hapa nafasi si finyu, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Kwanza namba, maana mwandishi bila namba ni mpiga porojo. Holmes alipigana mapambano 75, akashinda 69, kati ya hayo 44 kwa KO, akapoteza 6. Mkanda wa WBC aliuchukua Juni 9, 1978 mjini Las Vegas kwa kumshinda Ken Norton, na hakuna aliyemtoa kwenye kiti cha ubingwa mpaka Septemba 1985. Hiyo ni zaidi ya miaka saba. Katika kipindi hicho alitetea ubingwa mara 20. Katika uzito wa juu, aliyetetea mara nyingi zaidi ya hapo katika kipindi kimoja ni Joe Louis peke yake, mara 25. Na mapambano yake manane ya kwanza ya kutetea, yote aliyamaliza kabla ya kengele ya mwisho.

Mzee hakuzikataa namba. Yeye anasema namba ni kama magunia, lazima ufungue uone ndani kuna mchele au pumba. Kwake Holmes alizaliwa kwenye nafasi iliyo wazi: wale wakubwa wa miaka ya sabini, kina Ali, Frazier na Foreman, walikuwa wamekwisha au wameondoka, na Tyson alikuwa bado mtoto. Katikati hapo, anasema, yeyote mwenye mkono mzuri wa kushoto angetawala.

Lakini mimi nimekaa naye muda mrefu, najua kinachomuuma hasa. Ni Ali.

Wale msiojua: Februari 1980 Muhammad Ali alikuja Dar es Salaam. Hakuja kupigana. Alitumwa na Rais Carter kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan. Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Kutumiwa mcheza ngumi kuja kuzungumza na serikali kwake ilikuwa dharau. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi kila mmoja na medali ya fedha. Mzee wetu alikuwa kijana wakati huo na anasema alimwona Ali kwa macho yake, akiwa mnene kidogo na akiongea polepole kuliko alivyomzoea redioni. Miezi minane baadaye, Oktoba 2, 1980, Ali huyo huyo akapanda ulingoni Las Vegas kupambana na Holmes.

Lile halikuwa pambano. Ali alikuwa na miaka 38, alikuwa amejikondesha na kumeza dawa za tezi, mwili ukabaki mzuri wa kutazama lakini mtupu. Majaji wote watatu walimpa Holmes kila raundi. Baada ya raundi ya kumi Angelo Dundee akasema imetosha, na hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yake ya ngumi Ali alishindwa kwa kusimamishwa. Holmes alikuwa akimtazama refa katikati ya pambano kama anayeomba msaada, na lilipokwisha alilia. Miaka ya mwanzo ya sabini alikuwa kijana wa kufanyishwa mazoezi kambini kwa Ali, Deer Lake, Pennsylvania. Alikuwa anampiga mwalimu wake.

Watu wa umri wa mzee hawajamsamehe. Nami nawaelewa. Ila kumchukia mtu kwa sababu alishinda pambano ambalo mwingine hakupaswa kuruhusiwa kupigana si hoja ya ngumi, ni msiba. Kwa hiyo hilo pambano mimi nalitoa kabisa kwenye hesabu. Halimwongezei Holmes kitu wala halimpunguzii. Hata tukiliondoa bado kuna 19.

Sasa turudi kwenye gunia. Norton kwanza. Huyu ndiye aliyemvunja Ali taya mwaka 1973. Holmes aliingia kwenye pambano lile akiwa na jeraha la mkono wa kushoto, ule mkono wa kunyoosha ambao ndio ulikuwa chakula chake. Mpaka raundi ya 15 hakuna aliyejua nani anaongoza, na raundi hiyo ya mwisho wale watu wawili walisimama wakatwangana mpaka kengele. Majaji wawili walimpa Holmes 143-142, wa tatu akampa Norton 143-142. Pointi moja tu kila upande.

Halafu Earnie Shavers, ambaye mabondia waliopigana naye karibu wote wanasema hakuna aliyekuwa na konde zito kama lake. Septemba 1979 alimpiga Holmes mkono wa kulia raundi ya saba, Holmes akaanguka kama mti uliokatwa. Akaamka. Raundi ya 11 refa akalisimamisha pambano, Shavers akiwa hoi. Mimi nikiulizwa Holmes alikuwa nani, huwa siongelei mkono wa kushoto. Naongelea kule kuamka.

Mzee anasema: haya, Norton na Shavers tumekubali, taja wengine. Hapa ndipo ninapompendea Holmes. Mike Weaver alipigana naye Juni 1979, watu wakamwona Weaver ni wa kujazia ratiba, akadumu mpaka raundi ya 12; miezi tisa baadaye akawa bingwa wa WBA. Trevor Berbick alipoteza kwa Holmes mwaka 1981, akawa bingwa wa WBC mwaka 1986. Tim Witherspoon alipoteza Mei 1983, akawa bingwa mara mbili, 1984 na 1986. James Smith, yule waliyemwita mvunja mifupa, alipoteza Novemba 1984, akawa bingwa wa WBA Desemba 1986. Hao ni wanne, na wote Holmes aliwapata kabla dunia haijajua ni nani.

Na nyie vijana wa Tyson msicheke. Fungueni rekodi ya Tyson mtafute Berbick, Smith, Carl Williams na Marvis Frazier. Wote wamo, na wote Holmes alikuwa ameshapita nao.

Tuseme ukweli, pumba zipo. Zanon, Leroy Jones, Scott LeDoux, Lucien Rodriguez, Scott Frank, hao hata mimi mtetezi sina la kusema. Novemba 1982 alimpiga Randall Cobb raundi 15 nzima bila huruma yoyote ya kumalizia, wiki mbili tu baada ya Kim Duk-koo wa Korea Kusini kupigwa katika pambano lililomuua. Mtangazaji Howard Cosell akachoka, akaacha kutangaza ngumi za kulipwa. Na lile la Marvis Frazier, Novemba 1983, lilikuwa aibu. Mtoto wa Joe Frazier alikuwa na mapambano kumi tu. Halikumaliza raundi ya kwanza. WBC walikataa kulitambua kama la ubingwa, walitaka Holmes apigane na Greg Page. Holmes akaona fedha za Page hazitoshi, mwezi uliofuata akawaachia WBC mkanda wao na kwenda IBF, chama kilichokuwa ndiyo kwanza kinaanza.

Hapo ndipo mzee ananipiga kwenye mbavu. Alimkwepa Page. Hakupigana na Gerrie Coetzee, hakupigana na Michael Dokes, hakupigana na Pinklon Thomas. Ni kweli, na kumbukeni wakati ule mikanda ilikuwa imegawanyika, WBA huku na WBC kule, kila kambi na promota wake. Pambano na Coetzee lilipangwa mwaka 1984, likavunjika kwa kukosa fedha. Sisi wa nchi za mstari wa mbele tungelitazama kwa jicho la pekee lile, bingwa mweusi na Kaburu wa Afrika Kusini ulingo mmoja.

Lakini tuwafuatilie hao waliokwepwa. Page alipigania mkanda ule ule alioacha Holmes, Machi 1984, akashindwa na Witherspoon. Coetzee alipigwa KO na Weaver mwaka 1980. Dokes alitoka sare na Weaver Mei 1983. Thomas alipoteza mkanda wake kwa Berbick. Kila njia unayofuata inakurudisha kwa mtu ambaye Holmes alikwisha kumshinda. Najua ngumi si hesabu ya kujumlisha. Foreman aliwasaga Frazier na Norton waliomshinda Ali, halafu Kinshasa 1974 sote tunajua kilichotokea. Hata hivyo, mtu akiniambia kizazi kizima kilikuwa takataka, namuuliza mbona takataka hizo zilikuwa zinapokezana ubingwa mara tu Holmes alipogeuza mgongo? Walikuwa na vipaji. Kwa baadhi yao dawa za kulevya na mapromota viliwamaliza kuliko ngumi. Holmes hakumalizwa na lolote kati ya hayo. Aliacha shule akiwa na miaka 13, akawa anaosha magari kule Easton, na fedha ya ngumi akarudi kuiwekeza mji huo huo.

Sijamtaja Gerry Cooney kwa makusudi mpaka sasa, kwa sababu pambano lile la Juni 11, 1982 kila mtu alilifanya la rangi ya ngozi. Cooney hakuwa amepoteza pambano hata moja, alikuwa mrefu, ana konde la kushoto la kutisha, na ni Mzungu. Bingwa ndiye hutangazwa mwisho ulingoni, hiyo ni mila ya ngumi. Usiku ule alitangazwa kwanza bingwa, akafuata mpinzani. Holmes akasimama, akasikiliza, kisha akafanya kazi yake mpaka raundi ya 13 kona ya Cooney ilipoingia ulingoni. Baadaye wawili hao wakawa marafiki wa kweli.

Septemba 1985 akiwa na ushindi 48 bila kupoteza, pambano moja kuifikia 49 ya Rocky Marciano, Michael Spinks akamshinda kwa pointi. Holmes kwa hasira akasema maneno machafu kuhusu Marciano mbele ya ndugu wa marehemu. Baadaye aliomba radhi, lakini nadhani maneno yale yalimgharimu kuliko kushindwa kwenyewe. Wamarekani wengi hawakuyasahau. Ajabu ni kwamba hoja ya mzee, alipigana na nani, humgusa Marciano vizuri tu: Joe Louis alimpata akiwa na miaka 37, Walcott 38. Hakuna anayemkata Marciano kwa kalamu nyekundu.

Halafu mwaka 1988 Holmes mwenyewe akiwa na 38, umri ule ule wa Ali mwaka 1980, akapanda kwa Tyson, akaangushwa mara tatu raundi ya nne. Katika mapambano 75 hiyo ndiyo mara pekee aliposimamishwa.

Ushahidi wangu wa mwisho si wa enzi ile iliyo wazi hata kidogo. Februari 1992 Ray Mercer, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya Seoul, hajapoteza pambano, alikabiliana na Holmes wa miaka 42, mzito, miguu imeisha. Holmes akaegemea kona, mkono wa kushoto mbele, akawa anamsemesha hadi kamera, na akashinda kwa pointi bila jaji hata mmoja kupinga. Miaka mitatu baadaye, akiwa na 45, alimsumbua Oliver McCall raundi 12 zote kwa mkanda wa WBC na kupoteza kwa pointi chache tu.

Kwangu anabaki namba nne. Wenye kupinga karibuni, mzee wangu naye atasoma. Ila atakayeniletea jina la Pinklon Thomas aanze kwanza kunieleza Machi 1986 kwa Berbick ilikuwaje.