Safari ya Macho: Kutoka Lamu Hadi Mombasa

Anayetoka Lamu kwenda kutibiwa Mombasa huanza safari yake baharini. Mashua humvusha hadi Mokowe asubuhi na mapema, na huko basi huwangojea abiria wake: wachuuzi, wanafunzi, akina mama wenye watoto wachanga, na wazee walioshika karatasi za hospitali. Mbele yao pana zaidi ya kilomita 300 za barabara, kupitia Witu, Garsen, Malindi na Kilifi. Sisi tulikuwa watatu: bibi yetu na wajukuu wake wawili.

Bibi ni mshonaji wa kofia za mkono, zile ambazo kila kitobo chake huzungushiwa uzi kwa sindano. Kazi hiyo ilimsimamia tangu ujana, hadi alipoanza kulalamika kuwa mistari imepinda, na kwamba katikati ya kila neno la Msahafu pameingia kiwingu. Majirani walikuwa na jibu tayari: huyo ni mtoto wa jicho, mwache akomae ndipo atolewe.

Tulipofika daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 na kuipumzisha feri, Bibi aliomba akae dirishani. Aliiona minazi ya ng'ambo na maji yaliyometameta pembeni, lakini mashua aliyoikazia macho ilimpotea. Alipogeuza uso kidogo, ikarudi. Hapo tulitambua kwamba kilichomtoka ni kitovu cha kuona, wala si nuru yote.

Mombasa, daktari alimwamkia, "Shikamoo, bi mkubwa," akamtia matone ya kupanua mboni, kisha akapiga picha za nyuma ya jicho. Hakuwa mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi, na lenzi hubadilishwa kwa upasuaji. Maradhi ya Bibi yako nyuma zaidi, katika makula, sehemu ndogo ya kati ya retina inayotuwezesha kusoma, kutunga uzi na kutambua nyuso. Sehemu hiyo huchakaa kwa umri.

Uchakavu huo una sura mbili. Ule mkavu huenda polepole, na hauna sindano ya kuuponya. Utafiti mkubwa wa Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2001 na mengine 2013, ulionyesha kuwa mchanganyiko maalumu wa vitamini C na E, zinki, shaba, luteini na zeaksanthini huweza kupunguza kasi yake kwa waliofikia hatua ya kati. Si dawa ya kila mzee, wala haurudishi kilichopotea; na mvutaji wa sigara aepuke aina zenye beta-karotini, kwa kuwa zimehusishwa na saratani ya mapafu. Kuacha sigara kwenyewe ni kinga.

Ule wa majimaji ndio wenye haraka. Mishipa dhaifu ya damu huota chini ya retina, huvuja, na ikiachwa huacha kovu lisilofutika. Jicho la kulia la Bibi lilikuwa na hali hii. Tiba yake ni sindano ndani ya jicho, baada ya kutiwa ganzi, kwa kawaida kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kwa kadiri picha zinavyoonyesha. Dawa ni kadhaa: Lucentis, Eylea, na Avastin, ambayo asili yake ni dawa ya saratani. Utafiti wa mwaka 2011 uliilinganisha Avastin na Lucentis, na matokeo ya kuona yakakaribiana sana, ilhali bei ya Avastin ni ndogo mno. Kwa familia zetu, hilo ni jambo la kumuuliza daktari bila haya. Na baada ya sindano, jicho likiuma, likizidi wekundu au nuru ikipungua, mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi amekwisha kuchomwa sindano tatu. Mistari imenyooka kiasi, na nyuso za walioketi naye sasa anazitambua. Sindano ya kofia hajairudia. Kwa kioo cha kukuzia na taa kali anasoma Msahafu wa maandishi makubwa, na ushonaji anaufundisha kwa kupapasa kwa vidole.

Kilichokuwa kizito kwetu ni kwamba safari hii haiishi. Kila mara kuna nauli ya mashua na ya basi, malazi, na mtu wa kumshika mkono. Kwa hiyo watoto na wajukuu tumegawana miezi: huyu nauli, yule dawa, mwingine kusindikiza. Mzigo huo ungemwelemea binti mmoja, na tiba ingekatika.

Wasomaji wetu, wapimeni wazee wenu nyumbani. Mzee avae miwani yake ya kusomea, afunike jicho moja, atazame mistari ya daftari la hesabu, kisha abadilishe jicho. Mstari ulionyooka ukionekana umepinda, au pakawa na doa katikati, msingojee ukomavu wa chochote: safari ianze wiki hiyo hiyo.