Nilichagua Darasa la Kwanza

Nilipopangiwa shule yangu ya kwanza, wilayani Kwimba mwaka 1991, nilipewa darasa la kwanza kwa sababu nilikuwa mgeni. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na katika shule nyingi bado yako hivyo: walimu wazoefu wanapelekwa darasa la saba kwa ajili ya mtihani wa taifa, na aliyefika jana kutoka chuoni anaachiwa watoto ambao hawajawahi kushika kalamu. Mwaka uliofuata mwalimu mkuu aliniita akaniambia sasa nimezoea, nipande madarasa ya juu. Nikamwomba aniache palepale. Wenzangu walidhani naogopa hesabu. Mimi nilikuwa nimeipenda kazi ile, nikaifanya mpaka nilipostaafu kwa hiari mwaka 2025, nikiacha tu kwa muda nilipokwenda kusoma.

Mapenzi hayo nilirithishwa. Nimezaliwa Ukerewe, nyumbani tukizungumza Kikerewe, nikaanza shule mwaka 1978. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limetaka watoto wote waingie shule upesi, na walimu hawakutosha. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu wakiwa kazini, vijijini humohumo, kwa msaada wa masomo ya redio. Mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote uliitwa kwa kifupi UPE. Watu waliwabeza vijana hao, na "mwalimu wa UPE" likawa jina la kejeli. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mmoja wao, kijana ambaye leo ningemwita mwanangu. Hakuna mtoto aliyemaliza siku bila kuitwa na yeye kwa jina. Akiona hatujaelewa neno la Kiswahili, alituletea kitu chenyewe: kasia, sato, yai, kipande cha wavu. Mtoto aliyekuwa kimya sana ndiye aliyepewa kazi ya kukipitisha kwa wenzake, na kabla hajarudi kukaa alikuwa ameshalitamka neno lile mara nyingi kuliko sisi sote. Tangu hapo sijakubali mtu awatukane walimu wale mbele yangu.

Kwa hiyo nilipotoka Chuo cha Ualimu Murutunguru na cheti changu, nilijua ninachokitaka. Kilichonisumbua Kwimba ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa bubu. Watoto walikuja na Kisukuma, nami nilikuwa nacho kidogo nilichojifunza kisimani na mnadani. Shuleni kulikuwa na kibao cha kuvikwa shingoni anayesikika akisema lugha ya nyumbani. Katika darasa langu kibao hicho hakikuingia. Asubuhi niliwasalimia "mwangaluka", wakiitikia nawasalimia tena kwa Kiswahili. Mkaguzi mmoja aliandika kwenye taarifa yake kwamba nalegeza lugha ya Taifa. Lakini Kiswahili chenyewe ndicho nilichokuwa nakipigania, na mtoto aliyezibwa mdomo siku yake ya kwanza hajifunzi lugha yoyote, anajifunza kunyamaza.

Miaka michache baadaye bibi mmoja alimleta mjukuu wake, binti mwenye ualbino, amemfunga khanga kichwani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia:

"Mwalimu, huyu macho yake hayaoni mbali. Nimemleta akae tu na wenzake, asibaki peke yake nyumbani. Nakuomba usimchape akishindwa kusoma."

"Bibi, hapa hachapwi mtu kwa kushindwa kusoma. Na huyu atasoma."

Alinitazama kama mtu aliyewahi kuahidiwa mambo. Ahadi niliitoa kabla sijajua nitaitimiza vipi.

Niliuliza maswali kwa mdomo, binti yule akajibu wa kwanza. Daftari lake likabaki jeupe. Nikamhamishia dawati la mbele kabisa, nalo halikusaidia. Nikaacha kumtazama yeye, nikaanza kutazama anachokitazama. Ubao wetu ulikuwa umefutwa miaka mingi mpaka unang'aa, na kufika saa nne jua la dirisha la mashariki lilikuwa limeuangukia wote. Hata mimi nikichuchumaa kwenye kimo cha mtoto, nusu ya maandishi siyaoni. Kwa macho yake yasiyovumilia mwanga na yasiyotulia, ubao ule ulikuwa mwanga mtupu.

Jumamosi wavulana wa darasa la sita walinisaidia kuupaka upya kwa unga wa betri kuukuu za redio na majani tuliyoyaponda, ukawa mweusi wa kufifia, usiorudisha mwanga. Dirishani nikatundika kitenge. Chaki za rangi nikaziweka kabatini. Herufi nikaziandika kubwa. Nikatangaza kwamba yeyote asiyeona ana ruhusa ya kuja hadi ubaoni bila kunyoosha mkono, nikawaachia waje hata wale wanaoona, ili binti asiwe yeye peke yake anayesimama. Daftari lake tulilichorea mistari mipana kwa kalamu nyeusi. Michezo nikaipeleka kivulini, chini ya mwembe, na kofia yake ikaruhusiwa ndani na nje ingawa haimo kwenye sare.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa dogo sana. Nilianza kusema kila ninachokiandika. "Naandika ba. Naandika ba nyingine. Baba. Naacha nafasi. Naandika a, na, analima. Naweka nukta." Sikuandika hata alama moja kimyakimya. Binti akawa anaandika huku akisikiliza, kisha anakuja ubaoni kuhakikisha. Muhula haujaisha, nikaona wavulana wa nyuma wanamaliza kazi ambazo hawakuwahi kuzimaliza. Walikuwa wamefichwa na vichwa vya wenzao, wengine walikuwa wazito wa kunakili, wengine Kiswahili bado ni kigeni masikioni mwao, na mmoja, kama nilivyokuja kujua, alikuwa na shida ya macho kubwa kuliko hata ile ya binti. Nilipangilia somo kwa ajili ya mtoto mmoja, likawafikia wengi ambao sikuwa najua kwamba hawafikiwi. Hapo ndipo nilipopata njia yangu ya kazi. Kila nilipoandaa somo nilimtafuta kwanza mtoto atakayelikosa, nikaanzia kwake.

Binti yule alimaliza darasa la saba. Leo ana meza ya vitenge Ngudu, na daftari la madeni analiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza na ada ya shule za msingi imeshafutwa, watoto walifurika. Walikaa sakafuni, wa miaka saba bega kwa bega na wa miaka kumi na miwili. Hapo wengi husema ujumuishi, yaani kumfikia kila mtoto katika darasa moja, hauwezekani; darasa la watu zaidi ya mia utamjua nani? Mimi nawajibu kwamba umati ndio unaoulazimisha. Niliwaweka wanne wanne, na nikahakikisha kila kundi lina anayesoma, anayejua Kiswahili na anayejua Kisukuma vizuri. Wao wakafundishana, mimi nikapita. Mwaka 2016, elimu ya msingi ilipokuwa bila malipo, mafuriko yalirudi, ila safari hii angalau mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulikuwa umerudishwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Nauona kuwa uamuzi bora kuliko mingi niliyoishuhudia.

Katikati ya miaka hiyo nilikwenda Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kusomea elimu maalumu. Nilijifunza nukta nundu, lugha ya alama, na namna ya kumpima mtoto bila kumwaibisha. Niliporudi, Kanda ya Ziwa ilikuwa imeingia katika miaka mibaya. Watu wenye ualbino walikuwa wanauawa. Serikali iliwakusanya watoto wengi katika vituo na shule za bweni, kama Buhangija kule Shinyanga na Mitindo wilayani Misungwi. Maisha yaliokolewa, na siwezi kulaumu mlango uliofungwa ili mtoto asiuawe. Lakini niliumia kuona madawati waliyoyaacha, na wadogo waliokaa miaka mbali na mama zao. Wawili waliobaki kwetu hawakutembea peke yao hata siku moja. Wanafunzi wote wa kijiji chao waliwasindikiza hadi mlangoni, na wazazi walipanga zamu ya kuwapokea njiani.

Kuhusu mtoto kiziwi nina neno ambalo baadhi ya wenzangu hawalipendi. Nilipompokea mmoja, darasa lote lilijifunza alama pamoja naye, dakika chache kila asubuhi, na watoto walizishika haraka kuliko mimi. Alicheza, alicheka, alihesabu. Hata hivyo niliona kwamba anachokipata kwetu ni lugha ya kuokoteza. Mtoto kiziwi anahitaji kuishi na watu ambao mikono yao inasema kila kitu, tangu hadithi hadi matusi. Nilimweleza baba yake kuhusu Shule ya Viziwi Tabora, iliyoanza tangu 1963, naye akampeleka. Kumweka mtoto katika darasa la kawaida bila lugha, bila mwalimu aliyesomea na bila vifaa, kisha kuandika kwenye takwimu kwamba amejumuishwa, ni kumdhulumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma, na haki hiyo inadai walimu na vifaa. Nimewaona walimu waliosomea elimu maalumu wakiishia kufundisha masomo ya kawaida darasa la saba, na mashine za nukta nundu zikikaa stoo kwa kukosa karatasi.

Watu hudhani mwalimu mwenye moyo ni yule anayeimba na kurukaruka. Niliimba, ndiyo, na sauti yangu ilisikika hadi barabarani. Lakini kilichoniamsha alfajiri miaka yote ni hamu ya kujua kwa nini yule wa pembeni jana hakuandika. Je, ni macho? Ni njaa? Ni lugha? Ni kaka aliyemwambia yeye ni mjinga? Swali hilo halikunichosha kamwe, na nikilijibu, darasa zima lilisogea.

Walimu wakuu, Januari mnapogawa madarasa, la kwanza mpeni mwalimu bora kuliko wote mlionao, tena msimhamishe akishalizoea.