Kabla Hujaifungua Injini

Kiloleli, Busega

Mwanangu,

Mama yako ameshauza pamba, na dada yako amejifungua salama. Hayo utayaona ukija. Ninaloandikia ni habari niliyoletewa na vijana waliotoka gulioni: kwamba pikipiki yako inatetemeka hadi vidole vinakufa ganzi, fundi wako wa hapo Bariadi amesema dawa ni kufungua injini, na pesa ya kumlipa ni ile ya pamba ya mama yako. Kama ni kweli, ngoja kwanza.

Pikipiki ya silinda moja lazima itetemeke. Pistoni iko peke yake. Injini ikizunguka mara 5000 kwa dakika, pistoni hiyo inapanda na kushuka zaidi ya mara 80 kila sekunde, na uzito uliowekwa kwenye kranki unapoza sehemu tu ya mshindo wake. Mtetemo huo uliununua pamoja na pikipiki, hakuna fundi wa kuumaliza. Wa kuutafuta ni huu ulioanza majuzi. Unafuata injini, au unafuata magurudumu? Fundi asiyekuuliza hilo usimpe spana.

Jibu utalipata mwenyewe bila kulipa senti. Iweke kwenye stendi kubwa, toa gia, vuta mafuta polepole. Ikitetemeka vilevile hapo iliposimama, kasoro iko kwenye injini au kwenye vinavyoishika. Isipotetemeka, toka nayo asubuhi kwenye lami ya kuja Lamadi, barabara ikiwa tupu. Ukifika mwendo ule inaposumbua, bana klachi na uachie mafuta. Mtetemo ukibaki, injini haina kosa: tazama tairi, beringi, spoku, na cheni iliyokaza hapa na kulegea pale.

Hata ukikuta ni injini, bado usiifungue. Anza na bolti zinazoifunga kwenye fremu.

Unamwona baba yako mdogo anavyochechemea. Watu husema alikuwa anakimbiza pikipiki. Si kweli, na nataka habari hii uisikie kwangu. Wakati ule akibeba dagaa kutoka ziwani kupeleka Ngasamo, pikipiki yake ilianza kutetemeka. Fundi mmoja akamvalishia mishikio minene ya sponji na kumfungia vizito kwenye ncha za usukani. Ganzi ikaisha, akafurahi, akasema sasa imetulia. Kumbe bolti ya chini, ya nyuma, ilishaanguka zamani, na ya juu peke yake ndiyo iliyobeba mateso yote. Fremu ikapasuka kwenye weldi. Siku injini iliposogea, cheni ilichomoka, ikajisokota kwenye sproketi, na gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka akiwa na mzigo. Akavunjika paja. Ng'ombe wawili walitoka kwenye zizi langu kwa ajili ya mguu ule, na wakweze waliokula dagaa wake miaka yote hawakuleta hata kuku. Nimelinyamazia muda mrefu, leo limenitoka.

Fremu ile niliikagua mwenyewe. Ufa ulikuwa na kutu ndani, maana yake ulikuwapo siku nyingi, na mtu angepitisha kidole tu angeupata. Mimi nimezeekea kwenye jineri za pamba. Nilikuwa naweka kiganja kwenye mashine na kutaja beringi iliyochoka. Wakubwa walibisha, ikifunguliwa inakuwa ileile. Kwa hiyo nisikilize. Legeza bolti zote za injini, iache ikae mahali pake, ndipo ukaze moja baada ya nyingine, kidogo kidogo, ukizungukia. Injini iliyofungwa ikiwa imevutwa upande hutetemesha fremu hata kama hakuna bolti iliyopungua. Kagua kila weldi. Safisha plagi na kichujio cha hewa, kwa sababu injini inayorukaruka moto nayo hutikisika.

Kufungua kuna wakati wake: ukisikia chuma kikigonga chini, au ukimwaga oili ukakuta unga wa chuma unang'aa. Hapo ni konrodi au beringi za kranki, na fedha itatafutwa. Lakini kufungua kwa kubahatisha ni hatari. Baadhi ya injini zina shafti ya pili ya kusawazisha, na fundi akikosea alama zake wakati wa kufunga, itatetemeka kuliko mwanzo, na pesa ya mama yako imekwisha.

Vaa kofia ngumu. Acha kupakia mishikaki. Usiku usiendeshe upande wa hifadhi, tembo wanatoka.

Pesa ya pamba ni sare za mdogo wako na dawa ya shamba msimu ujao. Mrudishie mama yako kwa simu leo, usingoje Jumamosi. Bolti ukishazikaza, nipigie unieleze ulichokuta. Ukikuta ufa, usipande hata hatua moja: tafuta lori liipakie hadi hapa Kiloleli, nauli nitalipa mimi.

Baba yako mkubwa