Mlango Unaofunguka kwa Nje tu

Leo tunataka kuongea juu ya kitu kidogo: mlango wa gari. Musicheke kwanza.

Sisi vijana wa kujitolea tunasindikiza wagonjwa kutoka kambi ya Mahama hadi hospitali za Kigali. Mara nyingi tunapewa Hiace, ile watu wa hapa wanaita twegerane. Abiria 18, mlango mmoja wa kusukuma ubavuni. Siku ile kitasa cha ndani kilikuwa kimekatika zamani. Konvoyeri alikuwa anafungua dirisha, anatoa mkono, anavuta kitasa cha nje. Tuliona ni kawaida tu, sababu gari nyingi ziko hivyo.

Tulipofika Remera, ndani ya ambuteyaji, moshi ukaanza kutoka chini ya viti vya mbele. Hiace injini yake iko pale, chini ya dereva. Dereva akaruka, konvoyeri naye akatoka, akasukuma mlango ukajifunga, akakimbia kutafuta maji. Sisi tukabaki ndani. Aliyekuwa karibu na mlango ni koko mmoja mwenye magongo mawili. Akatafuta kitasa kwa vidole, hakuna. Dirisha lile lilitaka kusukumwa kwa nguvu, na mikono ilikuwa inamtetemeka. Sisi tulikuwa nyuma, na kati yetu kuna vile viti vya kukunja vimejaa watu. Mtoto akaanza kulia. Tukapiga vioo. Motari mmoja akasimamisha pikipiki yake, akavuta mlango, ukafunguka mara moja.

Kumbe ilikuwa mvuke wa rejeta tu. Hakuna aliyeumia. Lakini koko, tulipomketisha kwenye ukingo wa barabara, alituambia: « Wajukuu wangu, nimekimbia vita mara mbili, na mara zote mbili mlango nilifungua mwenyewe. » Tulikosa jibu.

Tangu siku hiyo tunaangalia milango. Wenzetu wa kutoka Bujumbura na Goma wanajua shida nyingine. Kule watu wanaendesha upande wa kulia, kama hapa Rwanda, lakini gari nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, usukani kulia na mlango wa abiria kushoto. Dar es Salaam mlango huo unakutelemsha vizuri kando ya barabara. Bujumbura unakutelemsha katikati, gari zingine zinapita. Gari yenyewe haina kosa, ila barabara si yake.

Na zile Land Cruiser ndefu za misaada? Wa nyuma wanapandia mlango wa nyuma, na ngazi yake iko juu sana. Kijana anaruka. Mama mjamzito anabebwa kama mfuko wa unga, mbele ya watu, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda kubebwa.

Sasa tuna desturi yetu. Kabla ya kuondoka, mmoja wetu anaingia ndani, anafungiwa, anajaribu kufungua mwenyewe. Ikishindikana, tunaomba gari nyingine. Ikikosekana, mmoja wetu mwenye nguvu anakaa pale mlangoni, hatumwachii tena mgonjwa. Tunabeba pia kigoda cha mbao cha kukanyagia. Madereva wengine wanatucheka, wanasema tunajifanya mafundi. Sawa tu.

Kwenu ndugu munaofanya kazi kwenye mashirika: mukikodi gari, munaangalia bima, matairi na bei. Tunawaomba muangalie na kitasa cha ndani. Kukitengeneza ni kazi ndogo ya fundi. Na kwenu vijana wenzetu, mukiona kimekatika, musiseme « ni kawaida » kama sisi tulivyosema. Semeni mapema, gari ikiwa bado imesimama.

Koko yule atarudi Kigali mwezi ujao. Ametuuliza jambo moja tu: « Mlango umetengenezwa? »