Neno "mkimbizi" katika shule zetu



Katika vipindi vya dini tunavyofundisha katika shule za sekondari, tumelisikia mara nyingi neno "mkimbizi" likitumiwa kama tusi. Mwanafunzi mwenye sare iliyochakaa huitwa mkimbizi. Anayetoka mkoa wa mbali na kuongea Kiswahili kwa lafudhi ya kwao, naye ni mkimbizi. Huko bwenini, asiye na godoro akaomba kulala kwa mwenzake, jina amekwisha kulipata. Wakubwa wengi hulipuuza jambo hili wakisema ni utani wa vijana. Sisi hatuoni hivyo. Pale ambapo jina la mtu limegeuzwa kuwa tusi, mlango umekwisha kufungwa kabla mgeni hajapiga hodi.

Tulipowauliza vijana wetu wa TYCS mkimbizi ni nani, walijibu kwamba ni watu wa Kigoma, wa mahemani, wenye vita vyao. Hatukushangaa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 huwataka wakimbizi wakae katika maeneo waliyotengewa, na kutoka humo huhitaji kibali. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mtoto aliyezaliwa humo mwaka huo amekwisha kuwa mtu mzima. Lakini kijana wa Dodoma anaweza kuhitimu kidato cha sita bila kusalimiana na hata mmoja wao. Au ndivyo anavyodhani. Mwaka 2014 Serikali ilikamilisha kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wenye asili ya Burundi, yaani wale waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 pamoja na wazao wao, waliokuwa wakiishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Hao ni Watanzania, na watoto wao wanasoma popote nchini. Anayerusha tusi lile darasani hajui ni nani aliyeketi dawati la nyuma yake.

Tukaona tusianze na Kigoma. Tulianza na hapa hapa kwetu, katika uwanda huu wa kati.

Wengi wa vijana walicheka tulipowaambia kwamba Kondoa ilipata kuwa na kambi ya wakimbizi Wazungu. Walikuwa Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti uliwang'oa makwao na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Baadaye wakatoka kupitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 Serikali ya Kiingereza ikawaleta Afrika Mashariki. Kambi kubwa kabisa ya Tanganyika ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, lakini sehemu yao waliwekwa Kondoa. Walikuwa Wakatoliki, wakawekwa katika nchi ambayo wengi wa wenyeji wake ni Waislamu. Vita vilipokwisha, wengi hawakuweza kurudi kwao kwa kuwa nchi yao ilikuwa imeangukia utawala ule ule waliokuwa wameukimbia. Darasa lilinyamaza. Hakuna aliyekuwa amewahi kuwaza kwamba Mzungu naye huweza kuwa mkimbizi, wala kwamba Afrika ndiyo iliyokuwa mahali salama.

Kongwa wanaijua zaidi. Palipokuwa na mpango wa karanga wa Waingereza, uliokufa mwaka 1951, mwaka 1964 palifunguliwa kambi ya wapigania uhuru: wa FRELIMO kwanza, kisha wa ANC, SWAPO na wengineo. Samora Machel alikaa pale. Mwanasheria atatusahihisha kwamba mpiganaji mwenye silaha si mkimbizi, na ni kweli. Hata hivyo walikuwa watu waliofukuzwa makwao, na wakazi wa Kongwa walinunua na kuuza nao, wakaoana nao pia. Wapo hadi leo wenye damu ya Namibia na Afrika Kusini ambao lugha ya nyumbani kwao ni Kigogo.

Habari ya tatu tuliisita. Mwishoni mwa mwezi wa Juni mwaka 2012, katika wilaya hiyo hiyo ya Kongwa, zaidi ya miili 40 ya Waethiopia ilikutwa imeachwa porini. Walikuwa wamefungiwa ndani ya lori wakielekea kusini, wakakosa hewa. Wenzao walionusurika walikutwa hapo hapo, wamedhoofika. Magazeti yaliwaita wahamiaji haramu, na huenda kwa sheria ndivyo walivyokuwa. Tuliwaeleza vijana kwamba mkataba wa mwaka 1951 humtambua mkimbizi kwa hofu ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini yake au siasa yake, na kwamba ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliongeza wanaokimbia vita na machafuko. Ni lazima mtu aulizwe ndipo ijulikane yuko upande gani. Wale waliokufa ndani ya lori hakuna aliyewahi kuwauliza kitu.

Hapo msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyosha mkono. "Baba, mwaka huu mvua haikutosha. Wakija, sisi tutakula nini?"

Wapo wenzake waliomzomea. Tuliwanyamazisha, kwa kuwa swali lake lilikuwa la haki, na wananchi wa Kigoma waliokatiwa miti yao kwa ajili ya kuni wameliuliza miaka mingi. Hatukumpa jibu la Katekisimu. Tulimtaja Yosefu, aliyeondoka usiku na Mtoto na mama yake kwenda Misri, ambako nako palikuwa na maskini. Kisha tukamtaja babu wa babu yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalipokuwa yamekwisha kuchukua nafaka na ng'ombe na ukame ukafuata, Ugogo ilipigwa na njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Wagogo walihama kwenda kwa majirani kuomba chakula, wengine wakiwa na watoto tu mikononi. Wapo waliopokewa, na wapo waliofukuzwa.

Msichana yule hakusema ameridhika. Alisema atamwuliza bibi yake kama anaikumbuka habari hiyo kutoka kwa wazazi wake. Tukaligeuza jambo hilo kuwa kazi ya darasa zima: kila mmoja aulize nyumbani ni lini watu wa ukoo wake waliwahi kulala katika nyumba isiyo yao, na ni nani aliyewafungulia. Majibu wataleta kipindi cha Ijumaa. Wazazi na wazee mtakaoulizwa wiki hii, tunawaomba msiwafiche, hata ikiwa jibu ni kwamba hakuna aliyefungua.