Usiku wa ngamia mjini Isiolo

UKITOKA Nanyuki na kuyapita mashamba ya ngano ya Timau, barabara huanza kuteremka, na mteremko wenyewe hauna haraka ya kwisha. Baridi ya Mlima Kenya hubaki nyuma. Unavua koti, unavua sweta, na kufumba na kufumbua umefika Isiolo, kilomita 285 hivi kutoka Nairobi, jasho likikutiririka na watoto wakigombania chupa ya maji kiti cha nyuma.

Wasafiri wengi huupita tu mji huu. Hutia petroli, hununua ndizi na soda, kisha hao! Wanaelekea mbuga ya Samburu au Marsabit. Kwa miaka mingi lami iliishia papa hapa, na msafiri alikuwa na sababu ya kulala kwanza kabla ya kulikabili vumbi. Siku hizi lami imefika Moyale, kilomita 500 hivi mbele, na Isiolo umekuwa mji wa kupungiwa mkono dirishani. Sisi tulilala. Mwalimu mwenzangu alikuwa amenidokezea kuhusu hoteli moja ndogo ambayo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi haipiki ila vitu vya ngamia.

Hoteli hiyo iko Kulamawe, mtaa wa pembeni ambao kwa mbuzi na utulivu wake ungedhani ni kijiji.

“Baba, yaani leo tunakula mawe?” akauliza kifungua mimba wetu. Mama yake alicheka mpaka akafuta machozi.

Msomaji, usitarajie vitambaa vya meza. Kuna paa la mabati, mabenchi mawili marefu, mikeka uani kwa wanaopenda kukaa chini, na birika la kunawia mikono linalozungushwa na kijana mmoja mpole. Tulikuta madereva wa malori, wanafunzi watatu wa chuo, wazee wa Kiborana na mfanyabiashara Mmeru aliyekiri kwamba amekaa Isiolo miaka mingi bila kuonja ngamia. Tulisogezewa nafasi kana kwamba tulikuwa tukingojewa.

Kwanza ilikuja chai. Kitinda mimba alipiga funda moja, akaitema. “Imeungua!”

Haikuungua. Vyombo vya maziwa huku hufukizwa kwa moshi wa vijinga vya miti maalumu, ili kuvisafisha na kuyafanya maziwa yasiharibike upesi, na moshi huo hubaki kwenye ladha. Mwenye hoteli, mama wa makamo, hakukasirika. Alimwongezea sukari. Jambo jingine nililolipenda ni kwamba yeye huyachemsha maziwa sawasawa. Wengi huyanywa mabichi, ingawa madaktari wanaonya kwamba ugonjwa wa brusela hupitia humo.

Baada ya chai ilifuata anjera laini yenye vitundu, na supu. Kisha ikaletwa nyirinyiri, na hapo ndipo mazungumzo yalipokatika. Nyama hukatwa vipande virefu, ikaanikwa, ikakatwakatwa vidogo kama punje na kukaangwa hadi iwe kavu, halafu ikahifadhiwa ndani ya mafuta. Hukaa miezi bila friji. Ni chakula cha watu wa safari. Hapa hukaangwa kwa mafuta ya nundu, na ukianza kutafuna kipande kimoja mkono hurudi sahanini wenyewe. Pilau iliyofuata ilikuwa nzuri pia, ila nyama yake ilihitaji meno ya ujana.

Wateja walipopungua, mama alikuja kuketi nasi. Nikamwuliza kwa nini ngamia, kwa kuwa nilidhani Waborana ni watu wa ng'ombe.

“Babu yangu alikuwa na ngamia, mwalimu,” akasema.

Kisha akatueleza. Vita vya shifta vya 1963 hadi 1967 vilipochacha, ngamia alionekana kuwa ndiye lori la shifta. Wengi walipigwa risasi au kutwaliwa, na watu wakakusanywa mahali kama Garba Tulla na Merti, ambako mifugo haikuweza kufuata malisho. Ngamia wa Waborana wa Isiolo karibu waishe. Baba yake akaanza upya, kwa ng'ombe.

Halafu ukaja ukame. Tangu mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha. Ng'ombe anataka nyasi, na hawezi kukaa mbali na maji. Ngamia hula majani ya miti, hukaa zaidi ya wiki bila kunywa, na bado hutoa maziwa. Ng'ombe wa mama huyu walikufa mpaka wakabaki watatu. Aliwauza, na bei yao haikutosha kumnunua ngamia jike mmoja. Ndugu yake akaongezea. Sasa ngamia huyo ana mimba, nayo ni ya miezi 13, hivyo bado wanangoja. Nyama na maziwa ya hoteli hununua kwa wengine. Usiku wa ngamia aliuanzisha ili watu kama yule Mmeru wazoee.

Mwisho ilikuja buna. Hizi ni kahawa nzima nzima na maganda yake, zilizokaangwa kwa samli. Waborana huiita buna qalaa, maana yake kahawa iliyochinjwa, kwa kuwa kila tunda hung'atwa ncha kabla ya kukaangwa. Mzee mmoja aliiombea dua ya amani na mvua, nasi tukaitikia pamoja na wengine.

“Hii nayo ni samli ya ngamia?” nikauliza.

Mama akatikisa kichwa. Maziwa ya ngamia ukiyasukasuka hayatoi siagi kwa urahisi. Akanyosha mkono nyuma yake, akanionyesha mkebe wa dukani.

“Hii ni ya ng'ombe. Kitu cha ng'ombe ni hiki peke yake leo. Zamani sikuwa nanunua samli, mwalimu.”

Akaufunika mkebe, akaurudisha juu ya rafu, akaenda kuwahesabia madereva chenji yao.